Namba ya sukari sio kosa la mtoto: jinsi ya kuishi na kisukari ukiwa mdogo, na jinsi ya kumlea anayeishi nacho

Nikiwa na miaka 13 nilikaa sebuleni usiku wa kuamkia kliniki nikaandika namba za sukari za wiki tatu nzima, zote za uongo. Nilitumia peni mbili, ya bluu na nyeusi, ili daftari lionekane limeandikwa siku tofauti tofauti, leo 6.2, kesho 7.8, hapa na pale nachomeka 11 ili isije ikaonekana nzuri kupita kiasi. Asubuhi nesi akalichukua daftari akasoma kimya, halafu akaomba mashine yangu ya kupimia, akabonyeza sehemu ya kumbukumbu, na mashine ikasema kila kitu: mwezi mzima nilikuwa nimepima mara tisa tu na mara nne kati ya hizo ilikuwa juu ya 18. Nikainamisha kichwa nikasubiri kusemwa. Yeye akamtuma mama akafuate faili mapokezi, tulipobaki wawili akaniuliza taratibu, "Nyumbani nani anakugombeza sukari ikipanda?"

Sasa hivi nina miaka 24, nimeanza kuchoma insulini nikiwa na miaka 9, nimezaliwa Tanga nikasoma bweni Morogoro. Haya ninayoandika ni vitu ambavyo natamani mama yangu angeambiwa siku ile ya kwanza, na mimi ningeambiwa nikiwa kidato cha kwanza. Naongea na wazazi na naongea na wadogo zangu wenyewe, nitakuwa nahama huku na huku mtanivumilia. Namba zote za sukari hapa ni za kipimo cha mmol/L. Dozi sizitaji, dozi ya mtoto inapangwa na daktari wake.

Huu ugonjwa ni upi

Watoto wengi wenye kisukari wana ile aina ya kwanza, yaani kinga ya mwili imegeuka ikaanza kuzishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini mpaka zikafa. Bila insulini sukari inabaki kwenye damu inazunguka tu, mwili unakaa na njaa huku chakula kipo. Ndo maana mtoto anakunywa maji kama ametoka jangwani, anakojoa usiku kucha, aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena, sisimizi wanajaa pale alipokojoa, na anakonda wakati anakula. Hakuna mtoto aliyepata aina hii kwa kula pipi, na hakuna mama aliyemsababishia mwanae kwa kitu alichokula akiwa na mimba. Mama yangu alijilaumu miaka miwili kwa sababu ya soda za sikukuu, na mimi nilikuwa namsikia akilia usiku, nikajifunza mapema kwamba ugonjwa wangu unamuumiza na kwamba ni bora nifiche. Kwa hiyo mzazi ukiacha kujilaumu unamsaidia na mtoto.

Na sindano ni ya kila siku, maisha yote. Januari 1922 kule Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 anaitwa Leonard Thompson alikuwa mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini, kabla ya hapo mtoto kama yeye alikuwa anasubiri kufa tu, na mpaka leo mwenye aina ya kwanza hana njia ya kukaa bila insulini.

Hapa naomba msome polepole maana hapa ndo watoto wengi wanapotea. Wiki chache baada ya kuanza sindano kuna kipindi sukari inatulia ajabu, daktari anapunguza dozi, anapunguza tena, nyumbani wote mnashangaa. Madaktari wanakiita fungate. Zile seli chache zilizobaki zimepata nafuu kwa sababu sindano imezipunguzia kazi, basi zinajikongoja kidogo, miezi kadhaa, wengine hata mwaka, halafu nazo zinaisha. Sasa kwetu fungate ilikuja wakati uleule jirani wa bibi ameleta unga wa mizizi, nikanywa siku tano, sukari ikasoma 5 na 6, nyumba nzima ikaamini nimepona na mama akaacha kunichoma. Siku zikapita tukiwa na furaha, mpaka asubuhi moja nikaanza kutapika, tumbo linauma kama linakatwa, napumua kwa nguvu na haraka kama mtu aliyekimbia mlima. Zahanati tuliyokwenda wakasema malaria. Usiku wake hospitali nyingine daktari wa zamu aliinama karibu na mdomo wangu akanusa, harufu kama matunda yaliyoiva sana, akauliza hapohapo, huyu mtoto ana kisukari?

Dua na maombi endeleeni nayo, ndugu wakileta dawa ya kienyeji mwambieni daktari bila kuogopa, lakini sindano haiachwi hata siku moja, na sukari ikiwa nzuri usiiache pia, mpigie simu daktari aamue yeye.

Daftari, stripu na maneno ya kutumia nyumbani

Yule nesi alimwambia mama kitu kimoja tu: kwa mwezi mmoja, namba yoyote mtoto atakayosoma, jibu la kila mtu nyumbani liwe "sawa, tufanye nini sasa?" Hakuna "umekula nini wewe," hakuna kuguna, hakuna kumuangalia baba. Na tusiite sukari nzuri na sukari mbaya, tuite juu, chini, au katikati. Kwa watoto na vijana lengo mara nyingi ni kukaa kati ya 4 na 10, na hata anayejitahidi sana ataona 15 mara kibao, maana homa inapandisha, hofu ya mtihani inapandisha, kubalehe kunapandisha.

Kwenye daftari tukachora safu nyingine pembeni ya namba, tukaiita "ilikuwaje". Mwezi uliofuata kliniki ilikuta 19.4 na pembeni nimeandika: bethdei kwa shangazi, keki vipande viwili, sikuchoma kwa sababu watu walikuwa wananiangalia. Yule nesi aliisoma ile sentensi mara mbili, na siku hiyo ndo tulianza kuongelea mahali pa kuchomea nikiwa ugenini, jambo ambalo peni zangu mbili zisingeweza kumwambia.

Stripu, vile vijiti vya kuchomeka kwenye mashine ya kupimia, ni ghali, tunajua wote. Kama mwezi una boksi moja tu la stripu 50 usizimalize wiki ya kwanza, na usipime saa moja ile ile kila siku maana utajua asubuhi peke yake. Zungusha: leo kabla ya chai, kesho kabla ya chakula cha mchana, keshokutwa kabla ya cha usiku, siku ya nne kabla ya kulala, hivyo hivyo, baada ya wiki mbili picha inaonekana. Weka kando stripu kumi zisizoguswa, hizo ni za siku ya kushuka na siku ya kuumwa. Ulizeni pia hospitali ya rufaa ya mkoa kama kuna kliniki ya watoto na vijana wa kisukari, Chama cha Kisukari Tanzania kimesaidia kliniki kama hizo kwa miaka mingi na nyingi mtoto anapata insulini na stripu bila kulipa.

Kabla ya kupima nawa mikono kwa maji na sabuni ukauke. Niliwahi kumenya embe nikapima nikakuta 16, roho ikanipasuka, nikanawa nikapima tena ikawa 7.1. Toboa ubavuni mwa kidole, katikati panauma zaidi.

Sindano usichome sehemu moja. Tumbo, mapaja, matako, mikono, na hata tumboni penyewe hama hama kila siku kidogo. Watoto tunapenda kuchoma palepale kwa sababu baada ya muda panakuwa pametuna laini kama sponji na hapaumi, lakini insulini ikiingia pale haieleweki, leo haifanyi kazi kesho inafanya yote kwa mpigo. Mzazi, kila mwezi mpapase mtoto sehemu anazochoma, ukikuta uvimbe hapo papumzishwe kabisa.

Sukari ikishuka

Chini ya 4 ni kushuka, na hii haingoji. Dalili kila mtoto ana zake: jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuona ukungu, kuongea maneno hayaeleweki. Yangu ni hasira. Nilikuwa naweza kumfokea rafiki kwa kitu cha kijinga kabisa na yeye anachukua glukosi mfukoni mwangu ananitia kiganjani bila kunijibu.

Mpe sukari inayoingia haraka: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji nusu kikombe, au nusu chupa ya soda ya kawaida, au glukosi. Mtoto mdogo wa chekechea nusu ya hapo inatosha. Soda zile zisizo na sukari hazisaidii, na chokoleti au maziwa yanachelewa kwa sababu ya mafuta. Subiri dakika 15, pima tena, kama bado iko chini rudia. Ikishapanda na chakula bado kiko mbali, mpe kipande cha mkate au ndizi. Kama huna stripu na dalili zipo, mpe sukari tu, usipoteze muda kutafuta mashine.

Akiwa amepoteza fahamu au ana degedege usimmiminie kitu chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na mkifika sema neno la kwanza kabisa kwamba ana kisukari anachoma insulini. Wengi wetu ile sindano ya glukagoni ya kumwamshia nyumbani hatuna, ila kama kliniki imewapa hapo ndo pa kuitumia.

Kushuka kwa usiku kunajificha. Mtoto akiota ndoto za kutisha, akilowa jasho, akiamka kichwa kinauma, siku inayofuata mpime saa nane au saa tisa usiku. Siku zenye mpira jioni pima kabla ya kulala bila kukosa, maana mazoezi yanaendelea kushusha sukari masaa mengi baadae.

Akiumwa

Homa, malaria, kuharisha, hata kama hali kitu, insulini isisimame. Wazazi wengi wanafikiria hajala kwa hiyo asichomwe, na hapo ndo ketoni zinapojijenga, ile sumu inayotokea mwili ukikosa insulini ukaanza kuyeyusha mafuta yake. Dozi inaweza kubadilishwa ndio, kwa hiyo piga simu kliniki, mpe maji mara kwa mara, pima kila baada ya masaa machache. Ikiwa juu ya 14 na kila ukirudia bado iko hapo juu, pima ketoni kwenye mkojo kama una vijiti vyake. Kutapika kusikoisha, maumivu ya tumbo, kupumua kwa nguvu, ile harufu ya matunda, usingizi usio wa kawaida, au mashine ikiandika HI, yaani sukari imepita kiwango inachoweza kusoma, nenda hospitali sasa hivi hata kama ni usiku wa manane.

Chakula

Mtoto wa kisukari hapikiwi chungu chake. Wote mle ugali, maharage, mchicha, dagaa, samaki, wali siku ya wali, na mpimieni kwa bakuli lile lile kila siku ili ugali wa leo ulingane na wa jana. Wengi wetu tunatumia ile insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, hiyo ukishaichoma asubuhi itafanya kazi mchana upende usipende, kwa hiyo kitafunwa cha saa nne na chakula cha mchana kwa wakati ni lazima. Keki ya bethdei ale kipande na wenzake, daktari wake atawaonyesha jinsi ya kuipangilia. Ukimkatalia mbele ya watoto wengine atakula chooni, nawaambia kwa sababu nilikula chooni.

Ramadhani sisi watu wa pwani inatugusa. Mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati, na kila mtu anakuuliza umefunga? Kwa mwenye aina ya kwanza kufunga ni hatari kweli, sukari inaweza kushuka mchana na kupaa baada ya futari, na mgonjwa amepewa ruhusa waziwazi kwenye Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Mimi babu ndo aliyenikomboa, alikaa na mimi jamvini mchana wa mwezi wa Ramadhani nikila wali wangu, wageni wakipita anawaambia mjukuu wangu ana udhuru. Mzazi usimuache mtoto ajieleze peke yake. Kijana mkubwa anayetaka kufunga aende kwa daktari mwezi kabla, sio siku ya kuandama.

Kutunza insulini kama hakuna friji

Chupa ambazo hazijafunguliwa zinakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, ikiganda tupa. Ukishafungua andika tarehe kwenye chupa kwa peni, nyingi ni wiki nne basi. Kwa wasio na friji mtungi unasaidia sana: chungu kikubwa, mchanga ulioloweshwa, chungu kidogo ndani, insulini kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa utafiti wao, walipima joto kwenye nyumba za wakimbizi kambi ya Dagahaley kule Dadaab, Kenya, wakaona insulini inayopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne haikupoteza nguvu. Kwa hiyo kukosa friji kusiwe sababu ya mtu kuacha. Ile ya rangi ya maziwa izungushe viganjani mara 10 mpaka 20 kabla ya kuvuta, ikibaki na mabonge tupa, na ile ya maji maji ikigeuka ukungu tupa. Kwenye basi usiiweke buti wala juu ya dashibodi, kaa nayo kwenye mkoba. Sindano zilizotumika weka kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko, ikijaa peleka kliniki.

Ukifika ujana

Mdogo wangu, kuanzia miaka 11, 12 hivi insulini itaonekana kama maji. Homoni za kukua zinapingana nayo na dozi inaweza kupanda sana, hujakosea chochote. Wasichana wengi sukari inapanda siku chache kabla ya hedhi, weka alama tarehe kwenye daftari utaona mwenyewe na daktari atakupangia. Kuna wanaoruka sindano ili wapungue, najua kwa sababu nilikuwa na mwenzangu kliniki, na unene unaopungua namna hiyo ni mwili unajiyeyusha, macho na figo vinaumia kimyakimya. Mzazi ukiona anakonda, sukari iko juu na anasema amechoma, usimvizie, kaa naye chini umuulize anaogopa nini. Pombe nayo inashusha sukari masaa mengi baadae na watu wanadhani umelewa tu wanakuacha umelala.

Wapenda mpira, beki Mhispania Nacho Fernández aliambiwa ana aina ya kwanza akiwa na miaka 12 na daktari wa kwanza akamwambia mpira basi. Mwaka 2024 pale Wembley ndo yeye nahodha aliyenyanyua kombe la Ligi ya Mabingwa na Real Madrid, la sita kwake. Kabla ya kuingia uwanjani pima, ikiwa chini ya 5 kula kwanza, ikiwa juu sana na unajisikia vibaya usicheze, na glukosi iwe kwa kocha, sio kwenye begi lililofungiwa darasani.

Kuhusu kumkabidhi mtoto kazi, usimkabidhi yote siku moja eti amefikisha miaka 12. Aanze kutoboa kidole, halafu asome na kuandika, halafu ajichome ukiwa umekaa pembeni, halafu mjadili dozi pamoja, na mwisho kabisa aingie kwa daktari peke yake dakika kumi ndo wewe uitwe. Mama yangu aliendelea kukaa kwenye kiti pembeni yangu kila jioni niliyokuwa nyumbani mpaka niko kidato cha pili, hasemi kitu, anachambua mchele. Nilijifanya nakereka.

Shule na marafiki

Kabla shule haijafunguliwa mzazi nenda mwenyewe, onana na mkuu wa shule, matroni, mwalimu wa darasa na wa michezo, uwaachie karatasi moja yenye dalili na cha kufanya. Ombeni aruhusiwe kula darasani, kwenda chooni bila kuulizwa, na kuingia na mashine na pipi kwenye chumba cha mtihani, hili lipangwe mapema kabla ya siku yenyewe. Bweni uji wa asubuhi unakuja na sukari tayari, sisi tulimuomba mpishi anichotee wangu kabla hajamimina, akakubali miaka yote minne.

Wewe mwanafunzi chagua angalau rafiki mmoja, anayelala kitanda cha karibu ndo bora zaidi. Mimi niliwaficha wenzangu muhula mzima, nilikuwa nachomea bafuni gizani kwa kukadiria mistari ya sindano, mpaka usiku mmoja nikachoma zaidi na hakuna aliyejua kwanini siamki kwenda paredi. Kama hujui uanze vipi mwambie hivi tu, mkiwa wawili: "Nina kisukari, hakiambukizi. Nachoma sindano kila siku. Ukiniona natoka jasho au nimekasirika bila sababu, glukosi iko mfuko huu wa kulia, nipe hata nikikataa. Nisipoamka usinipe kitu mdomoni, nilaze ubavu, kimbia kamuite matroni."